Mhusika Akiwa Njia Panda: Jinsi ya Kujiona Ndani ya Uamuzi Wake bila Kumfukuza Kitini

Mara ya kwanza nilipoulizwa mbele za watu jinsi mhusika wa riwaya alivyonigusa, nilizungumza dakika kumi nzima. Nilisimulia nilivyoacha kazi, nilivyokosa usingizi, ndugu walivyogawanyika pande mbili. Nilipomaliza, mzee mmoja aliyekuwa amekaa karibu na mlango akaniuliza kwa upole, "Na yule wa kitabuni, mwanangu, tulimwacha wapi?" Watu wakacheka. Sikuwa na jibu. Tangu sentensi ya pili nilikuwa nimeshamwinua kitini na kukaa mimi.

Kosa la upande wa pili ni la wale waliofaulu sana mitihani ya fasihi. Hao watakwambia mhusika ana mgogoro wa nafsi, dhamira ni ukombozi, mbinu ni taharuki, na yote hayo ni sahihi. Ila ukiwauliza, "Na wewe ulihisi nini alipobaki peke yake na lile jambo?" wanakutazama kama umewauliza mshahara wao.

Mwongozo huu unapita katikati ya hao wawili. Utakufaa kama umeagizwa kuandika jinsi mhusika fulani anavyohusiana na maisha yako, kama uko kwenye kikundi cha usomaji, au kama umefunga kitabu usiku na kifua kimekuwa kizito na hujui kwa nini. Unahitaji hadithi moja yenye uamuzi mkubwa (kuondoka au kubaki, kukiri au kunyamaza, kuoa, kuacha, kurudi), daftari, na muda wa vikao viwili au vitatu. Usijaribu kumaliza kwa kikao kimoja. Kuna sehemu ambazo lazima zilale usiku mmoja.

Ili tusizungumze hewani, nimemtunga mhusika wa kufanyia kazi. Anaitwa Idrisa. Miaka kumi na miwili iliyopita mkewe alifariki na kumwachia Salim, mtoto wa miaka mitatu ambaye si wa damu yake. Amemlea mpaka leo. Salim anaamini baba yake mzazi alikufa zamani. Idrisa hakuwahi kumwambia hivyo. Mtoto alijijengea mwenyewe, na Idrisa akanyamaza. Juzi imefika barua. Baba mzazi yu hai na anataka kumwona mwanawe. Idrisa ameificha kwenye droo, chini ya vyeti. Jioni hii Salim amesema shule inataka cheti chake cha kuzaliwa, na kesho asubuhi atakitafuta mwenyewe. Sasa ni saa nane usiku.

Hatua ya kwanza: funga kitabu kabla hajaamua

Kila hadithi ya uamuzi ina ukurasa ambapo njia zote bado ziko wazi. Wageni wameondoka, mhusika yuko peke yake, ukigeuza ukurasa utajua. Usigeuze. Weka alama, funga kitabu, chukua daftari.

Ukishajua alichoamua, akili inaanza kazi ya uwakili. Itamtetea au itamshtaki, na utasahau kabisa kwamba dakika tano zilizopita hata wewe hukujua la kufanya. Kule kutojua ndiko unakokuja kutafuta. Kama ulishasoma mpaka mwisho, rudi kwenye ukurasa huo uusome tena polepole, kama mtu anayerudi mahali alipodondosha ufunguo.

Andika sentensi tatu au nne ukitumia -nge-. Kiswahili kimetupa zawadi hapa ambayo tunaitumia ovyo: -nge- ni ya jambo ambalo bado linawezekana, -ngali- ni ya lililokwisha pita na halirudi. Mitaani tunazichanganya na hakuna anayeumia, lakini kwa zoezi hili zitenganishe. "Angempa barua, mtoto angekasirika." Mlango huo uko wazi. "Angalimpa barua, mtoto angalikasirika." Huo umefungwa na nyumba imeuzwa. Kwa sasa kaa kwenye -nge-. Zamu ya -ngali- itafika.

Hatua ya pili: utaje uamuzi kwa hasara zake mbili

Watu wengi huuandika uamuzi wa mhusika kama swali la mtihani: ampe barua au asimpe? Swali la namna hiyo haliumi, na lisilouma halitakugusa. Liandike hivi: akifanya hili atapoteza nini, na asipolifanya atapoteza nini?

Kwa Idrisa: akimpa barua, huenda akampoteza Salim. Asipompa, atabaki na Salim, lakini kila akimtazama atakuwa anatazamwa na barua.

Ukiona upande mmoja hauna hasara yoyote, basi mhusika hana uamuzi wa kufanya, anachokosa ni ujasiri tu. Hizo ni hadithi nyingine, nazo ni nzuri, ila zana zake si hizi. Wahenga walisema njia mbili zilimshinda fisi. Fisi yule angalau alivutwa na harufu ya nyama huku na huku. Mhusika aliyetungwa vizuri anasukumwa na moto huku na huku, jambo ambalo fisi hakuwahi kulijua.

Hapa kuna mbinu ya zamani inayofaa kuazima. Mwaka 1772 Joseph Priestley, mwanasayansi na mhubiri wa Uingereza, alikuwa njia panda: aache kazi yake akafanye kazi kwa bwana mmoja mkubwa, au abaki? Akamwandikia rafiki yake Benjamin Franklin kuomba ushauri. Franklin alimjibu kwamba hawezi kumwambia achague nini, ila anaweza kumwambia namna ya kuchagua. Gawa karatasi kwa mstari, sababu za kukubali upande huu, za kukataa upande ule. Ongeza kidogo kidogo kwa siku tatu au nne, kadiri zinavyokujia. Kisha tafuta zenye uzito sawa na uzifute pamoja. Zinazobaki ndizo za kuamulia.

Franklin alitaka hesabu itoe jibu. Sisi tunaitumia kwa kazi nyingine. Tunataka kuona kinachobaki karatasini baada ya kufuta, maana hapo ndipo roho ya mhusika ilipo. Nilipomfanyia Idrisa, upande wa kumpa barua niliandika: Salim ana haki ya kujua alikotoka, siri haizeeki, siku moja itatoka, Idrisa amechoka kulinda droo. Upande wa kutompa: mitihani iko karibu; mtu huyo hakutuma hata salamu miaka kumi na miwili; Salim anaweza kuondoka.

Haki ya mtoto nikaifuta pamoja na kosa la baba, kwa kuwa zote mbili ni hoja za mahakamani. Siri itakayotoka nikaifuta pamoja na mitihani, zote ni hoja za kalenda. Zikabaki mbili: amechoka, na Salim anaweza kuondoka. Uchovu na hofu ya kuachwa. Mpaka hapo nilikuwa nadhani hadithi hii inahusu ukweli na uongo. Karatasi ilinionyesha mwanamume anayeogopa nyumba tupu.

Hatua ya tatu: tafuta mlango wako, nao hauko kwenye tukio

Hii ndiyo sehemu ndefu, na ndiyo watu wanayoiharakisha.

Swali la kwanza linalomjia kila mtu ni "Je, mimi yamewahi kunikuta haya?" Ni swali baya. Jibu likiwa ndiyo, utasimulia yako na kumsahau mhusika, kama nilivyofanya mimi siku ile. Likiwa hapana, utasema hadithi haikuhusu. Na mara nyingi litakuwa hapana, maana ni wangapi kati yetu wameficha barua ya baba wa mtoto?

Uamuzi wa mhusika una tabaka. Juu kabisa kuna tukio: barua, droo, cheti. Chini yake kuna nafasi aliyo nayo, yaani yeye ni mlezi, mjane, mtu ambaye haki yake juu ya mtoto haikuandikwa popote. Chini zaidi kuna hofu. Na chini ya hofu kuna kitu anachokilinda. Kadiri unavyoshuka ndivyo watu wanavyofanana. Juu kabisa hatufanani na yeyote.

Kwa hiyo shuka kwanza, kisha ndipo uulize. Ni lini mimi nimewahi kuogopa anachoogopa? Ni lini nimeshika mkononi kitu kilichokuwa haki ya mtu mwingine, nikachelewa kukitoa kwa sababu kukitoa kungenigharimu mtu huyo?

Nilipojiuliza hivyo, halikunijia tukio kubwa. Ilinijia simu. Nilikuwa na miaka ishirini na kitu, naishi chumba kimoja na rafiki yangu. Siku moja hayupo, ikapigwa simu ya kumwita kazini katika mji wa mbali, nami nikapokea. Nikasema nitamwambia. Nikakaa na habari ile siku mbili. Siku ya tatu nikamwambia, "Wamepiga leo." Akafurahi, akafunga mizigo, akaenda. Hakuna aliyeumia. Kazi aliipata. Lakini siku mbili zile nilikuwa Idrisa mtupu, ila tu sikuwa na mtoto wala mvi.

Angalia udogo wa tukio hilo. Ni la siku mbili, na halina kifo wala mahakama. Kwa uzoefu wangu matukio madogo hufanya kazi hii vizuri zaidi kuliko makubwa, kwa sababu makubwa tumeshayasimulia mara nyingi hata yamepata umbo la hadithi, yana mwanzo na mwisho na pahali pa kucheka. Lile dogo ambalo hujawahi kumwambia mtu bado ni bichi. Linatoa damu ukiligusa.

Kama hakuna kinachokuja, usilazimishe. Jaribu kuingia kwa upande wa mtu mwingine wa hadithi. Labda wewe si Idrisa, wewe ni Salim: mtu aliyefichiwa. Au wewe ni yule baba aliyeandika barua akiwa amechelewa miaka kumi na miwili. Hakuna sheria inayosema lazima ufanane na mhusika mkuu. Niliwahi kumsikia mama mmoja akieleza hadithi nzima akiwa upande wa jirani aliyejua siri na hakuulizwa, na chumba kizima kilinyamaza.

Kuna tofauti ambayo wataalamu wa mawasiliano wameifafanua vizuri, hasa Jonathan Cohen katika makala yake ya mwaka 2001. Kumpenda mhusika ni jambo moja, kufanana naye ni la pili, na kuingia ndani yake ukayaona mambo kwa macho yake ni la tatu. Unaweza kumpenda mhusika bila kufanana naye hata chembe. Unaweza kufanana naye na usimvumilie, jambo linalotokea sana tukikuta kasoro zetu zimeandikwa na mtu mwingine. Kazi yetu hapa ni hilo la tatu. Kwa hiyo ukiandika "nampenda Idrisa kwa sababu ana upendo", bado uko barazani, hujaingia ndani.

Hatua ya nne: badilisha viambishi

Zoezi hili ni la dakika ishirini, nalo ndilo ninalolipenda kuliko yote. Mwandike mhusika kwa ni-. Kisha jiandike wewe kwa a-.

Kwanza yeye: "Nimeihesabu barua hii. Kurasa mbili, mistari arobaini na mmoja. Jina la Salim limo mara sita. Langu halimo. Nilidhani ningekasirika kwa hilo, kumbe nimefarijika, kwa sababu mtu asiyejua kama nipo hawezi kuniambia asante, na bila asante siwezi kufukuzwa."

Sentensi ile ya mwisho sikuipanga. Ilitoka kwa sababu nilikuwa nasema "ni-". Ningeandika "Idrisa alihisi kwamba" nisingeifikia hata kwa wiki nzima.

Kisha wewe: "Alipokea simu akiwa na sabuni mikononi. Akaandika namba kwenye kipande cha karatasi, akakikunja mara tatu, akakitia ndani ya kiatu kisichovaliwa. Jioni mwenzake aliporudi na kuuliza kama kuna habari, alisema hakuna, akamwekea chakula kingi kuliko kawaida."

Yale ya chakula nilikuwa nimeyasahau kabisa. Niliyakumbuka nilipojiandika kama mtu mwingine, kwa sababu mtu mwingine huna haja ya kumlinda.

Igor Grossmann na Ethan Kross walichapisha mwaka 2014 utafiti unaoeleza kwa nini mbinu hii ina nguvu. Watu walifikiri kwa busara zaidi kuhusu tatizo la uhusiano la rafiki kuliko tatizo hilohilo lilipokuwa lao wenyewe. Walipoombwa walitazame la kwao kwa umbali, kama wanavyolitazama la mwingine, pengo likatoweka. Wakaliita jambo hilo kitendawili cha Sulemani, kwa ajili ya mfalme aliyesifika kwa kuwaamulia wengine huku ya nyumbani kwake yakimshinda.

Hatua ya tano: pima umbali uliobaki

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Baada ya kufurahia kufanana, lazima ukae chini uandike msipofanana, na uandike kwa ukali. Siku mbili zangu na miaka kumi na miwili ya Idrisa si kitu kimoja. Mimi ningegundulika, ningelaumiwa wiki moja. Yeye akigundulika, kijana anaweza kuanza kuhesabu upya kila siku waliyoishi pamoja. Mimi nilificha namba. Yeye ameficha mtu.

Anayeruka hatua hii huishia kumbadilisha mhusika ili afanane naye, na hilo limewahi kutokea jukwaani. Desemba 1879 ilichapishwa tamthilia ya Henrik Ibsen wa Norway ambayo mwishoni Nora, mama wa watoto watatu, anamwacha mume na watoto na kutoka mlangoni. Mwaka uliofuata huko Ujerumani, mwigizaji mashuhuri Hedwig Niemann-Raabe alikataa kuucheza mwisho huo. Sababu yake ilikuwa kwamba yeye asingewaacha watoto wake kamwe. Kazi za waandishi hazikuwa na ulinzi wa kutosha wa kisheria, na Ibsen aliona heri aiharibu mwenyewe kuliko iharibiwe na mtu mwingine. Akaandika mwisho mpya: Nora anapelekwa mlangoni mwa chumba cha watoto, anaishiwa nguvu, pazia linashuka. Mwenyewe aliuita ukatili dhidi ya tamthilia yake.

Sitaki kumcheka yule mwigizaji. Aliguswa kweli, pengine kuliko watazamaji wote. Kosa lake lilikuwa kusimama kwenye neno "nisingefanya" kana kwamba ndipo safari inapoishia. Kila unapojikuta umeandika "mimi nisingefanya hivyo", acha nafasi ya mstari mmoja, kisha uandike chini yake: "Ingenibidi niwe nani, na niwe nimepitia nini, ili nifanye?" Jibu swali hilo kwa ukurasa mzima. Ndipo Nora anapoanza kukufungulia.

Swali hilohilo limewasaidia wengi ninaosoma nao katika Kinjeketile, tamthilia ya Ebrahim Hussein (1969) kuhusu Vita vya Maji Maji. Mwishoni Kinjeketile yuko kifungoni, anatakiwa atamke kwamba maji ya kuwakinga wapiganaji na risasi yalikuwa uongo, naye anakataa. Kila mara kuna msomaji anayesema, "Mimi ningesema tu, watu wapone." Ni jibu la mtu mwema. Lakini ingembidi awe nani ili kutamka neno hilo kuwe kubaya kuliko kupigwa? Lazima aanze kufikiri habari za wajukuu watakaosimuliwa, na hapo mazungumzo hubadilika.

Hatua ya sita: hesabu milango aliyoifunga mwandishi

Hatua hii ni ya lazima kama wewe mwenyewe uko njia panda wakati huu na umekuja kwenye hadithi kutafuta msaada. Wengine wanaweza kuisoma haraka.

Mwandishi wa hadithi ya uamuzi hufanya kazi kama mtu anayefunga nyumba jioni: anapita mlango kwa mlango. Idrisa hana ndugu wa kumpigia simu usiku huo, kwa sababu sikumpa. Hawezi kusubiri wiki moja, kwa sababu nilitia ombi la cheti. Hawezi kumtafuta kwanza yule baba akamjua ni mtu wa namna gani, kwa sababu sikuweka anwani nyuma ya bahasha. Nilifunga milango hiyo makusudi, ili zibaki njia mbili tu na usiku mmoja. Hadithi yenye milango saba iliyo wazi haimlazi mtu macho.

Andika orodha ya milango hiyo. Kisha pita nyumbani kwako na orodha mkononi. Je, wewe nawe huna wa kumwuliza? Kweli lazima iwe kesho? Ni nani aliyekwambia njia ni mbili? Mara nyingi utakuta mlango mmoja au miwili ambayo mhusika alifungiwa na wewe umeegeshewa tu.

Na jambo la kuchukua kwa uzito: mhusika halipi gharama. Akiondoka, ukurasa unaofuata una kichwa cha habari "Miaka mitano baadaye". Wewe huna ukurasa huo, una Jumatatu. Azima macho ya mhusika, azima hata maneno yake, lakini uamuzi wake mwachie. Ikitokea hadithi imefukua kitu kinachokuumiza kweli, zoezi likasimama na machozi hayakomi, weka daftari chini na utafute mtu wa kuzungumza naye. Hakuna anayekudai ukurasa.

Hatua ya saba: sasa soma

Fungua kitabu, soma alichoamua. Rudi kwenye zile sentensi zako za -nge- na uziandike upya kwa -ngali-. Basi. Utaona zipi zinauma zilipobadilika na zipi hazikujali. Zile zinazouma ndizo za kuandikia.

Kuandika na kusema

Ukifika kwenye kuandika, kanuni yangu ni moja: anza kwake, pita kwako, rudi kwake. Ukiishia kwako umempoteza. Hii hapa aya mbaya, niliyoiandika mimi: "Idrisa ananikumbusha maisha yangu kwa sababu hata mimi nimewahi kuficha jambo. Kuficha mambo si kuzuri. Nilijifunza kwamba ukweli hushinda." Sentensi tatu, na hakuna mtu hata mmoja ndani yake.

Na hii ndiyo iliyokuja baadaye: "Idrisa anaihesabu mistari ya barua badala ya kuisoma. Mimi namba ya simu niliikunja mara tatu, kana kwamba karatasi ikiwa ndogo na kosa linapungua. Sote wawili tulijishughulisha na kitu ili tusijishughulishe na mtu. Lakini mimi nilikuwa na siku ya tatu. Idrisa ana saa nne mpaka asubuhi, na kila saa Salim anageuka kitandani chumba cha pili."

Aya hiyo haina neno "ananikumbusha" wala "nilijifunza". Ukiyakuta hayo mawili kwenye rasimu yako, futa uone kama sentensi inasimama. Tumia kitendo kidogo cha mhusika, kiguse na kitendo kidogo chako, kisha useme mlipoachana. Urefu wa sehemu yako usizidi wa kwake. Usieleze historia ya familia. Majina ya watu halisi yabadilishe au yaache, kwa sababu wewe umeamua kusimulia, wao hawakuamua.

Ukiwa unaongoza kikundi, usianze na "Wewe ungefanya nini?" Swali hilo huleta mabingwa, na wenye haya wananyamaza. Anza na "Anaogopa nini?" Jibu lake ni la mhusika, kwa hiyo halimvui mtu nguo, lakini kila anayejibu anakuwa ametaja kidogo hofu yake. Baada ya hapo waache wafunge vitabu na waandike dakika kumi kimya kabla ya mtu kusema tena. Atakayetaka kusoma alichoandika asome. Asiyetaka asiulizwe.

Watu huniuliza Idrisa aliamua nini. Sijamwandikia mwisho. Nimemfanyia mazoezi haya mara nyingi, na kila mara namwacha kwenye droo, saa nane usiku, mkono ukiwa juu ya kishikio. Kuhusu yule rafiki yangu wa chumbani, bado tunasalimiana kwenye sikukuu. Zile siku mbili hazijui mpaka leo. Namba yake ninayo.